Nachoma sindano ya kupunguza mwili, na dua yangu ya mgonjwa nimeipikia pilau mwenyewe

Wakuu, amani iwe kwenu, mliocheka na mlionuna.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma, nacheka, napita. Leo naandika kwa sababu nimesemwa vya kutosha na nimeona bora nijiseme mwenyewe, tena kwa mpangilio.

Nitakachoeleza kimenitokea mimi. Hii siyo chai, na hata ingekuwa chai, sukari nilishaacha.

Mimi ni mwanamke, mama wa watoto, naishi Ufukoni, Mtwara mjini. Kazi yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, ngoma za watoto, mahafali ya shule. Ukiona moshi wa kuni na yale masufuria ya kubebwa na watu wawili, ujue nipo hapo na msaidizi wangu Asumini. Korosho zikishauzwa na watu wameshapata chao, kila kijiji kina shughuli na mimi nyumbani napita kama mgeni.

Na nilikuwa mnene. Siyo ule wa kusema "nimejaa jaa kidogo". Unene wa kukikalia kiti cha plastiki kwa kukibembeleza kwanza.

Watu walinipenda hivyo. Kwenye kazi yetu mwili ndiyo bango la biashara. Mteja anamwangalia mpishi juu mpaka chini kabla hajauliza bei. Mpishi mwembamba anatiliwa shaka, kwamba mbona hata yeye chakula chake hakimkai.

Mume wangu naye alisifiwa. Tumwite Baba Sharifa, ndivyo tunavyomwita wote. Kwao ni Mahurunga, na kila tukienda huko wanamwambia, "Umetunza kaka, umetunza." Anafurahi, anavuta mkanda juu. Kana kwamba wali ule nililishwa na yeye kwa kijiko.

Sasa ngoja niwaeleze kilichonipeleka hospitali, maana najua kuna wale wa "mwanamke anataka figa".

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi kama mimi, kule Mpapura. Alikuwa na sukari. Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, tukakiona cha kawaida, tukapaka majani. Mguu ukakatwa. Baada ya hapo alikuwa anakaa kwenye kitanda cha kamba uani, anaelekeza wenzake namna ya kupanga kuni, hawezi kunyanyuka kugeuza mwiko. Hakuishi sana. Aliyekuwa anamwogesha ni mimi.

Kwa hiyo miguu yangu ilipoanza kufa ganzi, mimi nilijua ile ni nini. Nilijua na nikavaa soksi.

Siku moja kwenye harusi nikawa nakoroga pilau huku kandambili moja imenitoka. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamgombeza Asumini apunguze moto. Asumini akaniangalia miguuni, akapiga kelele. Nilikuwa nimekanyaga kaa la moto, limeganda kwenye unyayo, na mimi sisikii kitu.

Wakuu, nilikaa chini palepale kwenye magunia ya mkaa nikalia. Siyo kwa maumivu, maumivu yangekuwepo ningeshukuru.

Hospitali nilimkuta daktari mwanamke, kiumri ni mdogo kwangu ila hana mchezo. Sukari juu, presha juu, uzito ndiyo usiseme. Akanianzishia vidonge na kuniambia nipunguze kula, nitembee asubuhi.

Nilitembea. Nililala na njaa. Lakini mpishi wa shughuli anaonja kuanzia alfajiri hadi wageni waondoke. Onja chumvi, onja mchuzi, onja nyama kama imeiva. Ukija kujumlisha, umekula sinia zima ukiwa umesimama. Mwili ukashuka kidogo, ukarudi na ndugu zake.

Ndipo daktari akaniambia ipo sindano ya mara moja kwa wiki. Inasaidia sukari, inapunguza hamu ya kula, na mwili unashuka taratibu. Akasema siyo ya kila mtu. Alinipima figo, akaniuliza kama nategemea kubeba mimba, kama kwetu kuna mtu aliwahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo, kama kongosho limewahi kunisumbua. Maswali mengi mpaka nikadhani nachumbiwa.

Jina la dawa sitaji. Nawajua. Nikilitaja hapa, kesho kuna mtu atakuwa anauza maji ya chumvi kwenye status na mwingine atakuwa anajichoma. Na kilo zangu pia sitaji. Zangu hizo.

Dozi ilianza ndogo, ikapandishwa pole pole, na kila mara naenda kupimwa. Sindano ni kama kalamu, unajichoma mwenyewe tumboni. Mimi nilichagua Ijumaa.

Nisiwadanganye, mwanzo nilitaabika. Kichefuchefu. Choo kugoma. Na kubwa kuliko yote, harufu ya kitunguu kinachokaangwa, harufu iliyonilea, ikawa adui yangu. Nikitia kitunguu kwenye mafuta naenda kusimama upande upepo unakotokea. Kuonja nikamwachia Asumini.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Sisi wapishi wa huku tuna utaratibu. Chakula kikiiva, mwenye shughuli anampakulia mpishi sahani ya kwanza, na mpishi anakula mbele yake. Ukila ukashiba, chakula kinatoka kwenda kwa wageni. Ni heshima, na ni usalama pia, maana ukikataa kula ulichokipika wewe, watu watajiuliza umetia nini humo.

Mimi nikawa nakula vijiko viwili, natua sahani.

Mwanzo waliuliza. Baadaye wakaacha kuuliza, na mtu akiacha kuuliza ujue ameshapata jibu lake. Mashavu yakashuka, magauni yakapwaya, na huku kwetu mtu akikonda majibu yapo mawili tu. Amerogwa, au anao.

Niseme hili kwa sauti. Kama ningekuwa nao, ningemeza dawa zangu na pilau ningepika vilevile, na nyie mngekula. Kilichonikera siyo kudhaniwa. Kilichonikera ni mtu kunishika mkono kwa vidole viwili. Wateja wawili watatu wakahamia kwa mpishi mwingine, mnene, Mungu ambariki.

Baba Sharifa alijua kila kitu. Hospitali tulienda naye, maelezo ya daktari aliyasikia kwa masikio yake. Nikamwambia, kwenu kaeleze wewe, ndugu ni zako, nikieleza mimi nitaonekana najitetea. Akasema nishawaambia, wameelewa. Mimi nikatulia.

Basi ikafika siku wifi yangu Somoe, dada yake Baba Sharifa, akanipigia simu kutoka Mahurunga. Sauti ya upole ambayo si yake. "Wifi, Ijumaa tuna dua ya mgonjwa hapa nyumbani. Tunaomba uje utupikie."

Nikamuuliza mgonjwa nani. Akasema, "Ndugu yetu tu. Ukija utamwona."

Nikakodi kirikuu, nikapakia masufuria, miiko, mabeseni, mimi na Asumini tukaenda tangu Alhamisi. Sindano yangu nikaitia kwenye chupa ya chai yenye vipande vya barafu, nimeizungushia kitambaa isiguse barafu, maana ikiganda imeharibika. Baba Sharifa akasema atatukuta huko Ijumaa.

Nikafika, nikasalimia. Mama mkwe kaniitikia marahaba huku ananiangalia shingo. Nikasema labda ni uchovu wa kuuguza.

Nikamuuliza Somoe, mgonjwa anakula nini? Pilau litamkaa kweli, au nimpikie kitu chepesi? Akageuza uso, akasema, "Mpikie kitakachompendeza, wifi." Nikaona hapo mgonjwa kazidiwa. Nikachinjisha kuku wa kienyeji, nikamchemshia supu yake pembeni, pilipili manga kidogo, ndimu, bila mafuta. Nikamwambia Asumini supu hii asiiguse mtu, ni ya mgonjwa.

Asumini akasema, "Dada, mbona huyo mgonjwa hata kukohoa hatumsikii?"

Nikamwambia anyamaze, mgonjwa si redio.

Watu wakarudi kutoka swala ya Ijumaa. Wanaume kwenye mikeka barazani, wanawake wamejaa ndani mpaka ukumbini. Mimi niko jikoni nafunika pilau. Somoe akaja na doti mpya ya kanga na maji ya kunawa. "Wifi, badili nguo. Unaitwa ndani."

Nikadhani wanataka mpishi aombewe baraka. Nikajifunga kanga yangu mpya, nikaingia.

Katikati ya chumba kuna mkeka mtupu, mto mmoja, na chetezo cha ubani kinafuka. Wanawake wote wamezunguka. Nikatafuta mgonjwa kwa macho. Kitandani hayupo. Pembeni hayupo.

Mama mkwe akapiga piga ule mkeka. "Keti hapa, mwanangu."

Nikaketi. Bado sijaelewa, nawaapia. Mwalimu wa madrasa, aliyeketi mlangoni, akaanza kusoma, wakaitikia, na alipofika mahali pa kumtaja anayeombewa shifaa, nikasikia jina langu. Jina langu na la baba yangu.

Dua haikatizwi. Nilikaa pale, ubani unanipanda puani, naitikia amina huku nahesabu mchele niliochambua tangu asubuhi kwa ajili ya ugonjwa wangu mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, vyote vikagombania mlango mmoja. Halafu nikajiambia, sukari ninayo, amina nyingine hii ni ya sukari, naichukua.

Dua ikaisha. Nikajua sasa tunakula. Kumbe kikao ndiyo kinaanza.

Mama mkwe ni Mmakonde wa kweli, hazungushi. Akasema, "Mwanangu, hapa hakuna ntu atakuuliza umeokota wapi. Ntu ni ntu, anaugua. Ila tumesikia unajichoma masindano. Hayo ndiyo yanakumaliza. Mbele ya dua hii na mbele ya watu hawa, sema umeyaacha. Kesho nkubwa wa ukoo anakuvusha ng'ambo ya mto, kuna ntaalamu atakutazama."

Wanawake wakaanza. Kubali, mama. Sema nimeacha, mama. Wengine wanafuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo siwezi kuwanyima.

Wakuu, mtu wa huku ataelewa uzito wake. Ombi la mama mkwe, mbele ya ubani, baada ya dua, mbele ya ukoo mzima. Ukikataa hapo hujakataa ushauri, umewakataa wao. Na nikikubali naacha dawa, sukari inarudi ilikokuwa, na mimi najua njia ile inaishia wapi kwa sababu niliyekuwa naogesha kile kigutu ni mimi.

Nikageuka mlangoni. Baba Sharifa alikuwa ameshafika, amesimama pale na kofia yake mkononi.

Nikamwuliza, "Baba Sharifa, hukuwaambia?"

Akaangalia mkeka.

Hapo niliumia kuliko kaa la moto. Maana huyu alikuwa na maneno machache tu ya kusema, na aliyameza, akawaacha ndugu zake wanichimbie kaburi la midomo. Baadaye aliniambia aliona aibu, kwamba watasema mwili aliokuwa anasifiwa nao ulikuwa ugonjwa. Hilo mimi na yeye bado tunalimaliza nyumbani, msinishauri.

Nikasimama. Mpishi ana sauti, mnajua, tunazoea kuita watu wa kuni walioko mbali.

Nikawaambia dua nimeipokea, Mungu awalipe. Ugonjwa ninao, ni sukari, ile iliyomla mama yangu mguu, na mnamkumbuka, wengine humu mlikula pilau lake. Sindano nimeandikiwa na daktari aliyenipima damu, na kila nikirudi ananipima tena. Ng'ambo siendi. Na sindano siachi, wala leo, wala mbele ya mtu yeyote.

Nikasikia mtu barazani anakohoa.

Somoe akaanza kusema, "Wifi, usimjibu mama hivyo." Nikamwambia sijamjibu vibaya, nimemjibu kweli. Halafu nikakumbuka, leo si Ijumaa?

Nikamwita Asumini alete ile chupa ya chai. Nikaomba wanaume wasogee kule nje, mwalimu akawa wa kwanza kunyanyuka. Nikanawa mikono, nikaketi palepale kwenye mkeka wa mgonjwa, nikasogeza kanga, nikajichoma tumboni mbele yao wote.

Bibi mmoja akasogea kabisa akachungulia. "Ndiyo hivyo tu? Mie nilijua bomba la ng'ombe."

Wakaanza kucheka chini chini. Na kama mnavyotujua, haikuchukua muda, mwanamke mmoja mwenye mwili kama wangu wa zamani akanisogelea sikioni, kwamba nimchome na yeye kidogo, iliyobaki.

Nikamkatalia kavu. Kalamu ni ya mtu mmoja, haipokezanwi. Hujapimwa, sijui figo zako, sijui kama una mimba. Akanuna. Watu hao hao waliotaka niache sindano dakika chache nyuma, sasa wananiona mchoyo wa sindano.

Nikatoa na mguu wangu, nikawaonyesha kovu la kaa. Nikawaambia hapa niliungua mpaka harufu ikanifikia puani, na sikusikia. Mama mkwe akaliangalia kovu muda mrefu, akaligusa kwa kidole gumba, akanyanyuka akatoka.

Pilau lililiwa. Halikubaki. Ile supu ya mgonjwa nikainywa mwenyewe, maana wakati wa kuipika sikujua kumbe nampikia mtu ninayempenda.

Jioni niko uani nasugua masufuria na mchanga, mama mkwe akaja. Akavuta kibao cha kukunia nazi, akakaa. Nikajua sasa nasemwa. Nikajiandaa kujibu tena, maana siku hiyo nilikuwa nimeshawaka.

Akavua kandambili, akaweka mguu wake kwenye mwanga. Akasema taratibu, "Hiyo ganzi, mwanangu. Kwako ilianzia vidoleni, au kisigino?"

Wakuu, niliacha masufuria, nikaushika ule mguu.

Mama huyu alikuwa anatembea na miguu isiyosikia tangu msimu wa mabibo uliopita, hajamwambia mtu. Kuna mahali alikuwa amejichoma na mwiba, hata hajui, kidonda kimeshaweka usaha. Alikuwa anakipaka majani.

Jumamosi ile niliyokuwa nivushwe ng'ambo, tulipanda kirikuu yeye na mimi na masufuria, tukaja mjini. Jumatatu tukawa hospitali. Sukari yake ilikuwa juu kuliko yangu ya mwanzo. Kidonda kinaoshwa, na daktari amesema tumewahi, mguu upo salama kama atafuata masharti. Sindano yangu hakupewa. Kwa umri wake na hali yake ameona vidonge vinamfaa, na mama mkwe hajalalamika, ingawa ameshauliza mara kadhaa kwa nini mimi nipewe kalamu yeye apewe punje.

Sasa mnaotaka funzo, mimi siyo mwalimu, ila nililojifunza ni hili. Mwili wako usipousemea wewe, watu watausemea, na watakodi mpaka mpishi. Na wanaokusema si wote wana nia mbaya. Wale wa Mahurunga walinipenda kweli, walichinja mbuzi kwa ajili yangu. Walinipenda na wangeniua. Mtu anaweza kukupenda na ukamwambia hapana, na mbingu zisianguke.

Wale wa "punguza kula tu, acha uvivu", nimewaona mnakuja. Nilisimama juu ya moto tangu msichana, uvivu sijui hata unapikwaje. Wale wa "nipe jina la dawa PM", PM yangu nimeifunga. Nenda kapimwe. Anayeuza bila kukupima anakuuzia shida.

Bado napika. Bado sahani ya kwanza nakula vijiko viwili vitatu, na sasa nasema mapema kwa mwenye shughuli, mimi nina sukari, nakula kidogo, chakula ni kizima. Anayetaka anipe kazi, asiyetaka namwombea mpishi mnene.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki na mama mkwe, tumekaa benchi moja, yeye na mguu wake wa bendeji, mimi na shingo yangu nyembamba. Akapita mtu wa Mahurunga, akatuangalia kwa huruma, akasema, "Poleni, mama. Poleni sana."

Mama mkwe akamwangalia juu mpaka chini. "Pole ya nini?" akasema. "Sisi tumekuja kupima. Wewe umepima?"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ulizeni, bisheni, ila kabla hujanitumia pole, nijibu swali la mama mkwe wangu.